Ishirini na Tatu Nukta Nne

"Uliandika wapi, mzee?" Wanja aliuliza.

Gitari akacheka. Aandike wapi tena, ilhali kila kulipopambazuka aliteremsha utepe kisimani, akapima maji yako chini kiasi gani, kisha akatuma namba kwa simu ofisini Embu? 23.4. Kesho yake 23.5. Namba tupu, mita zilijulikana.

"Ile laini tuliiacha 2019," Wanja akasema. Alikuwa ametumwa Kiambere kukusanya vipimo vya visima vyote viwekwe kwenye mfumo mmoja, na alimkuta Gitari kabla hajapima. "Kwetu hakuna kitu chako. Nikirudi mikono mitupu, kisima hiki kitaandikwa hakikupimwa miaka sita."

Gitari aliumia. Tangu mkewe afariki, kisima hicho ndicho kilichomtoa kitandani.

"Lakini si mnanijibu kila siku!"

Akamwonyesha simu yake ya mulika mwizi. Jumbe za zamani zilikuwa zimejifuta, zimebaki za wiki moja. *Asante, nimesoma. Ubarikiwe.* Jumatano alituma 23.8, akajibiwa: *Hii sijaiona. Angalia tena.* Alirudi kisimani mbio, akapima upya, ikawa ile ile. Aliipenda ofisi yenye macho makali namna hiyo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwandikia.

Wanja alikunja uso. "Huyu si sisi. Umewahi kumpigia?"

"Wakubwa hawapigiwi ovyo."

"Mpigie sasa. Weka spika."

Gitari akabonyeza namba, akaweka spika. Je, kama ni mashine tu, au mhuni aliyekuwa akimchezea miaka yote hiyo? Alitamani Wanja asingekuja.

Simu ilipokewa kabla haijalia mara ya pili. Ilikuwa sauti ya mama mzee, Kiswahili chake cha upande wa Kanyakine.

"Ni mimi, wa Kiambere," Gitari akasema. "Zile namba zangu... unazo?"

"Zote ninazo! Tangu nimzike mzee wangu sijakosa hata moja, na kila moja nimeiandikia tarehe hapo pembeni." Kisha sauti ikashuka. "Lakini leo umenitesa, Mchungaji. Niko na Biblia mapajani tangu asubuhi, na sijui nisome Zaburi gani."