Signe Hakujumlisha

Chini ya kitambaa chekundu kilichofungwa msonobarini darasa lote lilikuwa limekwisha kufika, dira mikononi, watoto wakirukaruka kuifukuza baridi. Aliyekosekana ni Signe Halvorsen peke yake.

"Lyle," aliita Mwalimu Rafuse. "Mwenzako yuko wapi?"

Lyle aliyatazama mabuti yake. "Tuliachana pale kijitoni, Mwalimu. Mi nilijumlisha kama ulivyosema. Yeye akatoa. Nikamwambia, we kichwa ngumu, utaliwa na dubu. Akaniambia, nenda zako na hesabu zako."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Theluji ilikuwa imeanza kudondoka, na upande wa mlimani hapakuonekana tena kitu.

Ubishi huo ulianzia darasani. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Huegemea kando, mahali pengine huku, mahali pengine kule, na anayesafiri kwa ramani hana budi kulisahihisha kosa hilo kabla ya kuinua mguu. Baba yake Mwalimu Edwina Rafuse, nahodha wa Nova Scotia, alimfundisha jambo hilo angali mdogo: chukua nyuzi za ramani, jumlisha ishirini na tatu, kisha nenda. Kwa miaka mingi naye aliwafundisha vivyo hivyo watoto wa wavuvi kwenye pwani ile ya Atlantiki, wala hakupotea hata mmoja. Alipohamia bonde hili la British Columbia, upande wa pili wa nchi, alikuja na dira zake na somo lake lile lile.

Ni Signe tu aliyeinua mkono.

"Mwalimu, huku chini ya ramani kuna kamshale. Mbona kameinamia upande mwingine?"

"Signe, tunasoma ramani, hatusomi pambizo."

"Lakini Mwalimu, si kangekuwa hakana kazi wasingekachora?"

"Haya, Profesa Signe!" akadakia Lyle kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

"Kaa chini," alisema Mwalimu. Hakuwa mtu wa kuchapa watoto. Alimnyima tu neno na jicho kwa juma zima, na aliamini kwamba hiyo ilitosha.

Wala hakuwa mzembe. Jumamosi iliyotangulia zoezi alitembea mwenyewe kwa dira hadi mahali ambapo ramani ilionyesha kibanda cha mtega mitego. Hakukuta hata gogo. Vibanda vya kale huoza, alijisemea. Akafunga kitambaa chekundu kwenye msonobari, akarudi nyumbani. Na leo kila mtoto aliyejumlisha alikuwa amefika penye kitambaa hicho bila kuyumba.

Walipiga kelele za kumwita Signe mpaka sauti zikawakauka. Kisha Mwalimu akawarudisha wengine shuleni, maana theluji haikumngoja mtu.

Kabla ya jua kuchwa wanaume wa kiwanda cha mbao walikuwa wamejaa darasani. Pelkey, msimamizi wao, aliitandaza ramani juu ya meza ya Mwalimu.

"Alikuwa anakwenda wapi huyu binti?"

"Kibandani. Wote tulikuwa tunakwenda kibandani."

"Basi tuanzie huko."

"Tumetoka huko sasa hivi, Bwana Pelkey. Nilisimama pale na darasa zima. Hayupo."

Pelkey akapitisha mstari wa penseli juu ya kibanda kwenye ramani.

Mama yake Signe alikuwa amesimama mlangoni, aproni yake bado ina unga. "Mwalimu, mwanangu amefanya nini?"

"Ametoa badala ya kujumlisha, Mama Halvorsen." Mwalimu alichukua rula. "Lakini kosa lake nalijua. Nikilifuata kwa hesabu, litanionyesha alikoishia."

Alichora mstari. Ulikata msitu kuelekea magharibi na kuishia kwenye makorongo.

"Huko ni pabaya," alisema Pelkey taratibu.

"Ndiyo maana nasema twende upesi."

Walikwenda upesi. Mwalimu aliongoza, akikataa kushikwa mkono, sketi yake imeganda barafu hadi magotini. Waliteremka korongo baada ya korongo, wakachokoa theluji kwa fito, wakaita. Siku ya pili walifanya hivyo hivyo, mbali zaidi. Waliporudi, Mama Halvorsen aliwamiminia kahawa, akazitazama nyuso zao mmoja mmoja, kisha akarudisha birika jikoni. Mwalimu hakuweza kuinywa yake. Angalikuwa mtii, aliwaza. Neno moja tu la utii, angalikuwa hai.

Siku ya tatu tufani iliwafumania msituni wakirejea mikono mitupu. Kijana mmoja hakuwa akiihisi tena miguu yake. Pelkey alisimama.

"Jamani, tutakufa na sisi. Tukate huku, tukawashe moto kwa Oskar. Tukipinda hapa tumefika."

"Kwa Oskar ni wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Aa, Mwalimu, baridi imekuingia kichwani? Kibandani. Kile cha mtega mitego. Si ndiko ulikowapeleka watoto?"

Mwalimu alifuata migongo yao kati ya misonobari ambayo hakuwahi kuiona, akavuka kijibonde ambacho hakuwahi kukivuka, hadi ukatokea ukuta wa magogo, dirisha lisilo na kioo, na bomba la moshi lililopinda.

"Hiki ni kibanda gani?" alisema. "Bwana Pelkey, hiki ni kibanda gani?"

Lakini Pelkey alikuwa amekwisha kuusukuma mlango, na amevua kofia.

Signe alikuwa ameketi juu ya benchi, uso kuelekea mlangoni, ramani imekunjwa vizuri magotini, kama mwanafunzi aliyetangulia kufika na anawangoja wenzake. Theluji iliyopenya darini ilikuwa imetua juu ya mikono yake, wala haikuyeyuka.