Kikombe Chenye Alama

Wanafunzi wapya kutoka nchi za nje waliketi bwaloni, na Mwalimu Mwanaheri akawapitishia chai ya kuwakaribisha chuoni. Kila mmoja alipewa kikombe cheupe cha udongo. Alipomfikia Goreti, alimpa cha bati, kilichopakwa rangi nyekundu kwenye kishikio.

Mwalimu alikuwa amekitunza tangu ujana wake, aliposoma ugenini na kupanga chumba kwa mama yake Goreti. Asubuhi hiyo, binti alipojitambulisha kwa jina la ukoo, mwalimu alirudi nyumbani kukichukua.

Goreti alikigeuza polepole. “Kwetu kilikuwepo kama hiki, Mwalimu. Mama alikitia alama kisije kikachanganyika na vyetu.”

“Kilikuwa cha nani?”

“Cha mpangaji wetu, mgeni. Mama alikuwa akisema watu wa huko…” Akainua macho, akamtazama mwalimu usoni, akakiweka kikombe mezani.

“Malizia, mwanangu,” alisema Mwanaheri kwa upole. “Watu wa huku tuna nini?”

Wenzake Goreti walikuwa tayari wanaomba chai ya pili. Mwanaheri akavuta kiti, akaketi mbele yake, birika mkononi, akamngoja anywe.