Kichwa cha Lucius Tolliver

Verna alimkuta mumewe juu ya stuli, bisibisi mkononi, akifunga komeo la pili juu kabisa ya mlango wa mbele, mahali ambapo Verna asingefika hata angesimama kwa ncha za vidole.

"Lucius! Unamfungia nani?"

"Upepo," akasema bila kugeuka.

"Upepo wa Ohio tumeishi nao tangu tuoane, leo ndiyo umetaka komeo?"

Lucius alishuka taratibu, goti likalia kama mlango mkavu, kisha akaanza tena kuzunguka: sebuleni, jikoni, dirishani, sebuleni. Tangu kiangazi alikuwa hivyo, hakai. Verna akienda kufua, yuko nyuma yake. Akiingia bafuni, anamsikia akihema koridoni.

Verna alijua ni nini. Mke yeyote wa mchezaji wa zamani angejua. Lucius Tolliver alikuwa mlinzi wa kati katika mpira wa Kimarekani, yule anayesimama nyuma ya majitu ya mbele, akisoma macho ya wapinzani, kisha anamrukia mwenye mpira kwa mwili mzima. Mashabiki wa Cleveland walimwita Lori. Alipogonga mtu, mshindo ulifika hadi viti vya juu, na Verna alikuwa akifumba macho. Jumatatu nyingine, baada ya mechi ya Jumapili, Lucius aliamka hajui kama walishinda au walishindwa. Enzi hizo walicheka.

Baadaye wenzake wakaanza kuharibika akili kwa yale mapigo ya kichwa, mmoja baada ya mwingine. Cal Dupree, aliyecheza ubavuni mwake, alipotea akitoka dukani, mtaa wa pili tu kutoka kwake. Alifariki akiwa hamjui tena hata mwanawe.

Kwa hiyo Verna alikuwa macho, na dalili hazikuchelewa. Swichi za jiko la gesi ziling'oka zote. Alizikuta ndani ya koti la Lucius. Funguo za gari zilikuwa kwenye mfuko wa unga wa mahindi.

"Nani kaziweka huku?"

"Sijui, Vee. Labda mimi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Verna. Huyu alikuwa mtu wa kugombana na refa kwenye televisheni.

Tena alikuwa na maswali. Kahawa haijapoa, anauliza, "Vee, leo siku gani?"

"Kwani kalenda imehama ukutani?"

Naye anabaki amemkazia macho, anangoja, mpaka Verna anatafuta la kuzungumza lingine.

Lakini lililomvunja moyo ni la Odessa. Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, Verna anamimina mchuzi juu ya kuku. Akasema dada yake Odessa angekuja kula nao sikukuu ya Shukrani na ile pai yake ya viazi vitamu. Lucius akaweka uma chini.

"Vee, mpenzi. Odessa alishatutoka."

"Ametoka kwenda wapi? Jana tu nimeongea naye kwenye simu!"

Lucius aliuchukua tena uma wake.

"Kumbe," akasema. "Anasemaje?"

"Anasema umenenepa."

Akacheka. Kisha akatoka akasimama uani, kwenye baridi, bila koti.

Verna akampigia binti yao, Renita, aliyekuwa akiishi Columbus. "Baba yako anakwisha, mwanangu. Anawazika watu wazima wazima!"

Renita akauliza: "Mama, umekula leo?"

"Nakwambia habari za baba yako, wewe unaniuliza chakula?"

"Nipe baba, mama."

Lucius alichukua simu, akaingia nayo stoo na kufunga mlango. Verna akategesha sikio. "Hapana, Renita. Hakuna cha nyumba ya wazee," alisikia. "Hapa hapa, nyumbani. Nimeshasema hapana."

Kumbe watoto walikuwa wameshaanza kupanga! Verna alikaa juu ya kitanda. Hakuna mtu angemtoa Lucius ndani ya nyumba hii, si yeye akiwa hai. Ila kwa daktari lazima aende.

Alijiandaa kwa vita. Lucius alikuwa mtu wa kufunga mbavu kwa plasta na kurudi uwanjani.

"Twende hospitali ukaangaliwe kichwa," Verna akasema.

"Haya," Lucius akajibu, akachukua kofia yake. "Ila naendesha mimi."

Njiani majani ya miti yalikuwa yamejaa barabarani, mekundu na ya njano, na Lucius alipita taratibu kama amebeba mayai. Kwenye taa nyekundu Verna akaweka mkono wake juu ya vile vidole vilivyopinda kila upande.

"Usiogope, mzee wangu. Waseme watakalosema, sikuachi."

Lucius alitazama mbele. Taa ikawa ya kijani, gari la nyuma likapiga honi, naye hakuondoka.

"Najua, Vee," akasema. "Na mimi sikuachi."

Hospitalini, Lucius alizungumza na dada wa mapokezi huku Verna akiyapanga maneno yake kimoyomoyo: halali, anaficha vitu, hajui siku, anazika walio hai. Mlango ukafunguka, daktari akawaita. Alikuwa mwanamke kijana, na Verna hakuwahi kumwona maishani mwake. Verna alimshika Lucius kiwiko, akatangulia, ili aseme kabla machozi hayajamziba.

Daktari akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu tena, Bi Verna," akasema. "Kaa hapa karibu nami. Leo tuanze na huyu bwana anayekuleta kila wiki: hebu niambie, ni nani wako?"