Sanda ya Bi Rukia

Siku hizi mpimaji akitia sahihi kwamba mtambo wa umeme wa mawimbi utahimili kimbunga, sharti mtu mmoja wa nyumbani kwake akae ndani ya mtambo huo, kule majini, mpaka kimbunga kipite. Watu wameshaizoea sheria hiyo kama walivyovizoea vimbunga vyenyewe.

Somoe, mpimaji, hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama yake tu, Bi Rukia, ambaye vimbunga vitatu alikwenda akarudi, akilalamikia chai ya huko.

Asubuhi ya kimbunga cha nne Somoe alimkuta mama akifunga mkoba: kanga mbili, dawa za presha, tasbihi, na sanda yake, ambayo hakuiacha hata safari moja. "Nikifa huko nisiwasumbue watu," ndivyo alivyozoea kusema.

"Umeshatia sahihi?" aliuliza Bi Rukia.

"Nimetia, mama."

Somoe aliinama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari. Ufa aliouona kwenye nguzo ya mtambo ulikuwa mwembamba kama unywele, na mkubwa wake wa kazi alimwambia unywele hauzamishi mtambo.

Bi Rukia alimtazama kitambo. Kisha akaitoa sanda mkobani, akaikunja upya, akairudisha sandukuni.

"Huendi nayo?"

"Kitambaa kizuri hiki, mwanangu. Ya nini kikapotelee baharini?"

Nje, gari la kituo cha mtambo lilipiga honi. Somoe akauchukua mkoba, akamfungulia mama yake mlango.