Upande Mmoja wa Kichwa

Siku hizi mji wetu unawalipa wanaotunza wazee, na anayenitunza mimi ni mjukuu wangu Salha. Jana alikuwa akinisuka huku namhadithia siku aliyozaliwa mama yake. Mara bangili yake, ile inayopima kazi, ikawaka kijani. Akaziachia nywele zangu, akainuka.

"Na upande huu?"

"Kesho, bibi. Kazi ya leo imetimia."

"Kumbe ulikuwa kazini!"

Akanibusu mkono, akaenda zake. Hata hakuuliza mama yake alizaliwaje.

Nikajitanda kanga, nikaenda kumshtaki kwa jirani yangu Bi Rukia. Nilimkuta peke yake chumbani, joto lote lile, naye kajifunika kichwa. Tukatazamana. Polepole akaishusha kanga yake. Alikuwa amesukwa vizuri sana, upande mmoja.