Kisigino cha Soksi

Soksi ilikuwa na matundu mengi kuliko uzi. Fundi aliiinua juu, ingali inaning'inia kwenye sindano, akasonya, na mama mkwe wake akafumbua macho pale kitandani.

"Kinyago gani hicho, mwanangu?"

"Soksi yako, Mama."

"Basi Mungu aihurumie miguu yangu."

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Kwenye chuma tundu likitokea, analiziba mara moja na maisha yanaendelea. Lakini tangu Mama Mkwe aanguke bafuni na mikono yake ikalegea, kofia ya kuchomelea ilining'inia msumarini nyuma ya mlango, na mwenyewe alishika kijiko. Daktari alisema ni mshtuko tu, utapita. Mama Mkwe alisema daktari mwenyewe bado ananyonya. Mtu wa kuajiriwa hakutaka hata kumsikia. Alitaka kulishwa na mkwewe, taratibu, supu isiwe ya moto wala ya baridi.

Bosi wa karakana alikuwa ameahidi kumshikia fundi nafasi yake hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo anachukua mtu mwingine. Fundi alipomweleza mumewe, machozi yakimlenga, mume alifikiri sana, kisha akamtafutia kikundi cha kufuma.

"Ni cha watu wanaouguza nyumbani," alisema, kifua mbele. "Kufuma kunaondoa msongo wa mawazo. Hata kazini kwangu wanasifia sana."

Yeye mawazo hakuwa nayo, kwa hiyo hakujiunga.

Mwalimu wa kikundi aliongea kama anayebembeleza mtoto mchanga. "Ukikosea, usifumue kwa hasira. Weka chini, pumua, nenda kafanye shughuli nyingine. Ukirudi umetulia, utaona hata matundu yamepungua."

Fundi aliona ni upuuzi mtupu, ila alikuwa amechoka kubishana na watu. Kila alipokwama aliitupa soksi kwenye kikapu kando ya kitanda, akatoka kwenda sokoni au kufua uani. Na ajabu, akirudi, matundu hayapo! Akafikicha macho. Kumbe kweli ilikuwa hasira tu. Soksi ikanyooka, ikabana vizuri, na siku moja aliporudi na kapu la vitunguu alikuta hata kisigino kimekwisha pinda. Hakukumbuka kukifuma. Lakini mwalimu alishasema kwamba mtu akizoea, mikono hufanya kazi bila kichwa kujua, na fundi alifurahi kuwa na mikono ya namna hiyo.

"Uzi huu unawasha," Mama Mkwe alilalamika huku akimeza supu. "Soksi ya pili uchukue wa pamba."

Fundi akachukua wa pamba.

Kwenye kikundi, mwalimu aliizungusha ile soksi kwa kila mtu. "Tazameni kisigino hiki! Mimi mwenyewe kilinitoa jasho kabla sijakiweza. Mwenzetu, hebu njoo mbele utuonyeshe unavyokigeuza."

Fundi alisimama. Alizishika sindano, akazitazama, akazishusha.

"Mimi huwa nakiacha tu," alisema. "Nikirudi kutoka sokoni, nakuta kimejigeuza."

Walicheka mpaka wengine wakapoteza mishono. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Ukienda sokoni, mwanangu, nyumbani anabaki nani?"

"Hakuna mtu. Ni mama mkwe peke yake, na yeye hata kijiko..."

Akakitazama tena kile kisigino.

Jumatatu asubuhi, mwezi haujaisha, fundi aliitoa kofia yake msumarini. Kando ya kitanda aliacha bakuli la supu, kijiko, na soksi ya pili isiyo na kisigino.