Sura ya Msiba

Siku hizi kompyuta haimruhusu mwandishi kuandika neno la hisia mpaka bangili ya mtu aliye chumbani iwake, kuthibitisha kwamba anaihisi kweli. Yangu ilizima zamani, kwa hiyo namtumia Sefu, mume wangu.

Juzi nilikwama kwenye sura ya msiba. Nikamwambia, "Mama yako amefariki." Alianguka, akaing'ata kanga yangu, bangili ikawaka, nikamaliza sura.

"Pole, mume wangu, ilikuwa kazi tu."

Leo wifi kapiga simu akilia. Mama mkwe amefariki kweli.

Sefu alikuwa anamenya viazi. Nilipomwambia alicheka.

"Hiyo sura ya ngapi?"

Bangili yake haikuwaka. Iliyowaka ni yangu. Nikamwacha na viazi vyake, nikakimbilia kompyuta kabla bangili haijazima.